Mlinzi Aliyekaribishwa

Mke ndiye aliyeiona kwanza: taa ndogo ya kamera inawaka, na kompyuta yenyewe imezimwa. Chumba kilinuka udi na waya ulioungua.

"Ni mlinzi huyo, programu tu," mumewe alimwambia. "Mchezo wangu mpya wa kompyuta haufunguki mpaka umkubali. Anakamata wachezaji wadanganyifu."

"Anakaa humu hata usipocheza?"

"Kwani mimi nadanganya? Hofu ya nini?"

Maskini, alikuwa amejisahau. Kila alasiri alijifungia chumba hicho hicho, akampigia simu mama yake aliyelala chumba cha pili, akajifanya mdogo wake aliye kazini mbali. Sauti zisipolingana alisingizia mafua. Huyo mdogo mtu walishamzika, mama akiwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, na daktari aliwaonya kwamba mshtuko mmoja tu utamwondoa. Uongo huo aliubuni mke, kwa huruma.

Siku hiyo mume alipokata simu, spika zikashusha pumzi. Maandishi yakajitokeza kwenye skrini: UDANGANYIFU UMEGUNDULIWA.

Wakamwita fundi wa kompyuta. Akaufuta mchezo, mlinzi akabaki. Akafuta kila kitu, akang'oa na betri, taa ikaendelea kuwaka, na ile harufu ikahamia ukumbini.

"Dada, huyu hakuvunja mlango," fundi alinong'ona, akikusanya bisibisi zake. "Mlimkaribisha wenyewe, mkampa funguo za kila chumba. Mimi simuwezi."

Alipoondoka tu, simu ya mama mkwe ikalia. Mke akamgeukia mumewe: amekaa mbele yake, midomo imefumbwa, simu yake iko mezani.

"Mwanangu," walimsikia mama akifurahi. "Leo mafua yameisha kabisa."

Kisha akanyamaza, na ukimya ule ukarefuka huku harufu ya udi ikipita chini ya mlango, na wao wakakimbia ukumbi ule mfupi ambao sasa ulikuwa kama hauishi, wakagombania kitasa, wakaingia, wakamkuta ameketi kitandani na simu sikioni.

"Anasema amezikwa," mama alisema polepole. "Eti kweli, mkwe wangu?"

Mke alifungua kinywa amdanganye kwa mara ya mwisho. Kabla neno halijatoka, sauti ya marehemu ikasikika kwenye simu, tulivu, haina mafua.

"Shemeji, usimdanganye tena."

Mama mkwe alikuwa ameshashika kifua.