Kipande Kisicho na Mwenyewe

Ukifika kwa Kiunga, juu kidogo ya soko la Kianjai, usitafute mahali pasipo na kitambaa cha uzi. Hutapapata. Makochi yamevaa. Meza imevaa. Redio ina kofia na chupa ya chai ina sweta. Kiunga mwenyewe huwaambia wageni, "Mimi hapa sikai sana mahali pamoja. Nikikaa, nitafumiwa."

Anayefuma vitu hivyo vyote ni binti yake, Kathambi. Ana miaka ishirini na mmoja. Asubuhi hukama ng'ombe na kupeleka maziwa barabarani, kisha huenda kupalilia maharagwe. Kazi ikipungua, hukaa nyuma ya jikoni na sindano yake ya kroshia, ile yenye ndoano kichwani. Uzi huingia, hutoka, hujipinda, na kabla chai haijachemka ua limechanua.

Mikono ya Kathambi ilikuwa na maneno mengi. Mdomo wake ulikuwa na machache. Akiwa darasa la sita alivunjika mguu, akakaa nyumbani mwaka mzima. Alipopona aliona haya kurudi kukaa dawati moja na wadogo zake. Basi hakurudi. Tangu hapo alidhani kila mtu anajua kumshinda. Wageni wakiingia kwa mlango wa mbele, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma.

Katika boma hilo hilo anaishi bibi yake, Cucu, mama yake Kiunga. Mwaka huo baridi ya mwezi wa saba ilimkamata Cucu vibaya. Blanketi lake la dukani alilisema kila asubuhi. Alisema linanyonyoka manyoya kama kuku mgonjwa, na joto halina.

Anti Veronicah, binti mkubwa wa Cucu, alisikia habari hiyo kule Kaaga anakokaa. Yeye hutoa amri hata kabla hajasalimia. Aliandika kwenye simu, katika kundi la familia, kwamba watamshonea mama yao blanketi la viraka. Kila mjukuu atatoa kipande kimoja, kilichokatwa kutoka kwa nguo aliyoivaa mpaka ikachoka. Vipande vyote vitaletwa kwa Kathambi aviunganishe. Shule zikifungwa mwezi wa nane, watakusanyika nyumbani wampe Cucu, naye asiambiwe lolote mpaka siku hiyo.

"Kila kipande kiwe shubiri mbili kwa shubiri mbili," Anti aliandika. "Msikosee."

Wote walikubali. Kathambi naye alikubali, na moyo wake ukaruka. Kwa mara ya kwanza familia nzima ilikuwa imempa yeye kazi.

Vipande vilifika. Vya Kaaga vililetwa na jirani, vya Embu vikatumwa na Anti Ann, binti mwingine wa Cucu, katika kifurushi. Kathambi alivitandaza kitandani, akashika kiuno. Vipande vya Anti Veronicah vilikuwa vikubwa kama meza. Vya Anti Ann vilikuwa vidogo kama leso za kufutia pua. Vingine vilikuwa virefu upande mmoja na vifupi upande wa pili.

Hakumwambia mtu. Nani angemwambia Anti Veronicah kwamba amekosea? Alianza kuunganisha hivyo hivyo. Pale palipopungua alivuta, na palipozidi alikunja. Alipomaliza mstari wa kwanza, blanketi lilikuwa limevimba katikati kama andazi. Akalinyunyizia maji ili alinyooshe kwa pasi. Hapo mambo yakaharibika zaidi. Kipande chekundu, kilichotoka kwa sweta ya shule, kilitoa rangi. Rangi ikaingia katika kipande cheupe cha Lorna, binti mdogo wa Anti Ann. Kilikuwa kimekatwa kutoka kwa gauni alilobatizwa nalo, na hakukuwa na kingine.

Kathambi alikaa chini. Zilibaki wiki mbili. Alianza kufikiria ugonjwa gani ungemfaa, wa kichwa au wa tumbo, ili kazi hiyo ipewe mtu mwingine.

Lakini kwanza alihitaji sabuni. Akatia vile vitambaa kikapuni, ili baba yake asivione, akashuka sokoni. Njia ya dukani inapita mbele ya kibanda cha Zuleka. Zuleka ni mshonaji, mke wa Abubakr mwenye bucha. Watu humwita Mama Saad. Ana macho ya kuona uzi uliolegea hata ukiwa upande wa pili wa barabara.

"Kathambi, unabeba nini kinachonidondokea damu mlangoni?" aliuliza.

Ilikuwa ile rangi nyekundu. Kathambi alitaka kusema si kitu, lakini Zuleka alikuwa ameshavuta kitambaa kutoka kikapuni. Alipokiona cheupe kilivyochafuka hakuuliza tena. Alikikata nyuzi, akakitumbukiza katika maji baridi yenye sabuni, akaanza kukisugua polepole.

"Rangi ya kitambaa kingine ni ya kuwahi kabla haijakauka," alisema. "Na usitumie maji moto, yanaipikia humo ndani. Hiki kitapona, ingawa kitabaki na haya kidogo usoni. Sasa nieleze."

Labda ni kwa sababu Zuleka alikuwa ameinamia beseni na hamtazami. Kathambi alieleza yote: baridi ya Cucu, amri ya Anti, zile shubiri.

Zuleka alicheka mpaka akaacha kusugua. "Shubiri ya nani?"

"Kila mtu yake."

"Veronicah namjua. Kiganja chake ni jembe. Na huyo wa Embu?"

"Anti Ann ni mdogo. Huvaa viatu vya watoto."

"Basi hakuna aliyekosea," Zuleka alisema. "Kila mmoja alipima sawasawa kwa mkono wake. Mkono unatosha ukishona peke yako. Mkiwa wengi, kipimo kiwe kimoja, na kisiwe na vidole."

Alichukua katoni la sabuni, akalipima kwa tepu, akalikata kwa wembe. Ikatoka kadi ya mraba, sentimita arobaini kila upande. Aliilaza juu ya kipande kimoja cha Anti Veronicah. Kitambaa kilizidi pande zote. Akaeleza kwamba hicho kitakatwa kiwe kidogo kuliko kadi kwa upana wa kidole kimoja kila upande, kisha kipindwe ukingo wake.

Kathambi alitazama vipande vya Embu. "Na hivi vidogo?" aliuliza. "Kitambaa hakivutwi. Nimejaribu."

"Mimi cherehani yangu haiwezi kukiongeza," Zuleka alisema. "Lakini kuna mtu hapa Kianjai aliyeivisha redio kofia."

Kathambi alishika ukingo wa kipande kimoja. Kisha akaanza kutabasamu. Alielewa kabla hajaambiwa. Angepinda ukingo wa kila kipande, aushone kwa sindano na uzi mnene, ule mshono wa pembeni mwa blanketi unaoacha vitanzi. Ndoano ya kroshia ingeingia katika vitanzi hivyo. Kipande kikubwa angekizungushia mistari miwili ya uzi. Kidogo angekizungushia minne, mitano, hata minane, mpaka kilingane na kadi.

"Hesabu mishono ya kila upande," Zuleka alimwonya. "Upande huu ukiwa na sitini, na ule uwe na sitini. Kila baada ya mishono kumi funga kauzi ka rangi nyingine, usipotee. Ulivimbisha kwa sababu ulishona kwa macho. Na kabla ya kushika sindano, fua vyote. Kitambaa kingine hurudi na kupungua kikifuliwa. Kirudi sasa, kisirudi kikiwa ndani ya blanketi. Kile chekundu kifue peke yake, halafu ukibane kikiwa kibichi na kitambaa cheupe kisicho na kazi. Kikiendelea kutoa rangi, kiondoe. Hakuna kukihurumia."

Kathambi alisimama kuondoka, kisha akageuka. "Anti atasema nimekata vitambaa vyake."

"Usimjibu kwa mdomo. Mpe kadi aiweke mwenyewe."

Kuanzia siku hiyo nyuma ya jikoni palikuwa na kazi. Kathambi alifua. Kile chekundu alikifua mara tano, mara ya tano maji yakawa safi na kile cheupe kisicho na kazi kikabaki cheupe. Alikata, akapinda, akafuma. Kila kipande kilichokwisha alikiwekea kadi. Kikizidi au kupungua mstari, alifumua bila kulia. Baba yake alipita akaangalia, akauliza kama katoni la sabuni siku hizi ndilo mwalimu. Kathambi akamjibu kwamba ndilo, na halichapi. Kiunga alisimama. Hakuwa amezoea kujibiwa.

Zilipobaki siku nne, vipande vyote vilikuwa tayari. Aliviweka juu ya kitanda, vinne vinne. Vilikuwa ishirini na tatu. Mistari mitano ilijaa. Wa sita ulikuwa na vipande vitatu tu, na kona moja ikabaki wazi. Alikuwa bado anaitazama kona hiyo Cucu alipoingia kuomba chumvi.

Siri ikaisha hapo. Cucu aliinama, akagusa kipande kimoja na kusema hii ilikuwa suruali ya fulani, akacheka. Akagusa kingine. Akacheka tena. Alipofika mstari wa tatu, kicheko kilikatika. Alinyooka, mkono juu ya mgongo.

"Mmeweka mmoja mmoja," alisema. "Mmewahesabu."

Kathambi hakuwa amefikiria hilo, wala shangazi zake. Lakini alijua. Kwa Cucu, ng'ombe hawakuhesabiwa, sembuse watoto. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi, alisema wapo. "Idadi ikijulikana," alizoea kusema, "inajulikana pa kupunguza."

"Ni zawadi yako, Cucu. Ya baridi."

"Nimeona, mama. Mikono yako Mungu aibariki. Lakini mimi siwezi kulala chini ya hesabu ya watoto wangu. Afadhali baridi." Akaanza kutoka, bila chumvi.

Hapo nyuma kulikuwa na mlango, na Kathambi wa zamani angeutumia. Lakini aliwaza zile siku zote za kufuma, na yule bibi anayetetemeka asubuhi. Akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "Cucu, ngoja. Tazama kona."

Cucu aligeuka.

"Hapo hapana kitu," Kathambi alisema. "Nitaweka kipande kisicho na mwenyewe. Si cha mtoto yeyote. Mtu akihesabu blanketi hili, atapata idadi ya uongo. Atahesabu leo, atahesabu kesho, na watoto wako hatawajua ni wangapi."

Cucu alirudi, akaipapasa kona iliyo wazi. Halafu alianza kutikisika mabega. Kathambi alidhani analia, kumbe ni kicheko, kile cha mtu aliyemwona jirani mjanja akipitwa kwa ujanja.

"Uliacha shule darasa la ngapi wewe?" aliuliza.

"La sita."

"Basi hasara ni yao."

Akaenda nyumbani kwake. Aliporudi alikuwa na kitambaa chake cha kichwa, cha buluu, kimechakaa kwa kufuliwa. "Kata hiki," alisema. "Na sijaona kitu. Jumamosi nitashtuka."

Kathambi alikikata kwa kadi. Aliunganisha vipande vyote kwa ndoano ya kroshia, mshono kwa mshono, sitini kwa sitini. Chini yake aliweka lile blanketi la dukani, alilolileta Cucu mwenyewe, lililonyonyoka lakini bado na kazi moja ya kufanya, na chini kabisa kitambaa laini cha flaneli. Kila kona ya kipande alipitisha uzi mnene mpaka chini akafunga fundo, matabaka yasitembee. Lililala juu ya kitanda bapa, bila kuvimba popote.

Jumamosi Cucu alishtuka vizuri sana. Anti Ann aliona gauni la ubatizo likiwa limekuwa la waridi kidogo. Kabla hajauliza, Lorna mwenyewe alisema hiyo ndiyo rangi anayoipenda. Anti Veronicah alipekua blanketi upande huu na ule.

"Vyangu vilikuwa vikubwa kuliko hivi," alisema.

Watu wote wakamtazama Kathambi. Alienda ndani, na Kiunga akadhani ametoroka kama kawaida. Lakini alirudi kwa mlango wa mbele, na kadi mkononi, akampa Anti. Anti Veronicah aliiweka juu ya kipande chake, kisha juu ya cha Ann, kisha juu ya cha Purity, mjukuu aliyetuma chake kutoka Nchiru. Vyote vililingana. Ndipo akauweka mkono wake mwenyewe juu ya kadi, na mkono wa Ann kando yake. Wanawake wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Basi hii kadi unikatie na mimi," Anti alisema. "Na utuonyeshe ulivyofanya. Simama hapo tukuone."

Kathambi alisimama. Alianza na kufua, akasema kuhusu rangi na maji baridi, kisha kipimo kimoja, kisha mishono ya kuhesabiwa. Sauti ilitetemeka mwanzoni, halafu ikasahau kutetemeka. Kabla ya Krismasi shangazi wawili walikuwa wamemaliza mablanketi ya nyumba zao, na yote yalilala bapa.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa bado juu, lakini Cucu alisema atalijaribu blanketi papo hapo. Wakamlaza kwenye kochi, wakamfunika. Lorna alipiga magoti kando yake, akaanza kugusa vipande kwa kidole.

"Moja, mbili, tatu..." Akafika mwisho. "Cucu, una wajukuu ishirini na wanne."

"Umekosea," Cucu alisema, akafumba macho. "Hesabu tena."

Lorna alihesabu tena. Alipomaliza, Cucu alikuwa tayari amelala, joto limempata.