Dau la Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa mtu wa mizaha. Lakini wiki ile ya uchaguzi wa diwani alinyamaza. Mchana kutwa aliitazama simu.

Kwenye simu kulikuwa na mchezo wa kubeti wenye namba mbili za nani anatarajiwa kushinda: ya Muuguzi na ya Mwenye Lori, wagombea wa kata yao. Fundi alikuwa amebeti pesa yote ya vitambaa kwamba Mwenye Lori atashinda. Namba zilipanda, zikashuka. Utadhani zinapumua.

"Baba Pacha," mkewe alisema, "bibi wa jirani kaanguka bafuni. Hawezi hata kusimama."

"Si ndiye aliyesema atampigia kura Muuguzi?"

"Ndiye. Kwani vipi?"

 Fundi alijiona kwenye kioo cha wateja, akashtuka. Alikuwa anatabasamu.

Siku moja kabla ya kura, kadi ya mkewe ya kupigia kura haikuonekana. Ya mama mkwe nayo haipo. Wakapekua magodoro, wakapekua hata pipa la unga.

"Labda panya," fundi alisema.

"Panya gani aache unga, ale kadi?" mama mkwe aliuliza. "Au naye anagombea?"

 Simu ikawaka yenyewe mezani. Namba ya Mwenye Lori imepanda tena.

Mara akaingia jirani yao, karani wa uchaguzi, kuchukua sketi yake. Alisimama ghafla mbele ya koti kuukuu ukutani. Mwenye koti, mteja wa zamani, alifariki mwaka jana.

"Fundi, koti la marehemu lina uzi mpya. Nani kaja kulishonesha?"

 Mama mkwe akalipapasa pindo. "Mh! Lina mifupa."

Fundi alichukua wembe, akafumua. Kadi mbili zikaanguka sakafuni.

"Mume wangu! Ulitaka tusipige kura?"

"Pesa yetu yote iko huko, mama watoto. Na nyie ni wa Muuguzi."

"Kaa, fundi," karani alisema. "Kuficha kadi ya mtu ni kosa."

"Mbona mpira watu wanabeti?"

"Kwenye mpira, wewe utaweza kuuficha mguu wa mchezaji? Hapa wachezaji ni mkeo, mkweo na wewe. Haya, kitendawili: mgeni wangu namlisha, naye ananiombea jirani augue."

"Sijui."

"Dau. Ukishaliweka, kila asiye upande wako unamtakia mabaya. Na hizo namba si sauti za watu. Ni pesa. Mwenye nyingi huisukuma juu namba ya mtu wake, ili wengine wakate tamaa wabaki nyumbani."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisameheni. Nilikuwa nimeanza kujiogopa."

Alimpa mkewe simu, akaufuta ule mchezo mbele yake.

Kesho yake Muuguzi alishinda. Pesa ya vitambaa haikurudi, wakala mboga bila mafuta wiki tatu. Lakini asubuhi ile ya kura, kwenye ngazi za kituo, mama mkwe alimgeukia fundi.

"Baba, leo unaniombea nifike au nianguke?"

"Ufike, mama."

"Basi nishike mkono."