Majivu ya Mlamadini

Kisomajani, kifaa cha kupimia majani, kilibana jani la mlamadini, kisha kikatamka: "Risasi: kidogo. Jani changa."

Mhandisi Nkwimba alikuwa amesikia maneno hayo tangu asubuhi. Vichaka elfu tisa vya mlamadini vilipandwa juu ya mabaki ya mgodi wa Nyabuhele ili mizizi yake iyafyonze madini ya risasi, sumu iliyojaa ardhini. Roboti zilikata matawi na kuyapeleka kwenye tanuru. Kesho angetia sahihi kwamba udongo umepona.

Lakini mlamadini si mjinga. Sumu ikizidi, huisukumia kwenye majani makongwe, kisha huyaangusha, machanga yakabaki mazima. Nkwimba alilijua hilo tangu chuoni, ila kwa miaka mitatu alipima majani ya juu tu, maana ndiyo yaliyofikiwa na kifaa kwa urahisi. Leo alitazama chini. Hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa na alama za ufagio.

Roboti hazifagii. Akakumbuka ufagio ambao mama yake hutoka nao alfajiri, akaenda moja kwa moja nyumbani.

Mama yake, Bi Kalunde, alikuwa jikoni akimwagia maji majivu kwenye chungu kilichotobolewa kitako. Yalichujika yakiwa na rangi ya chai: magadi ya kulainishia mlenda. Jiko la nyumba hiyo lilijipikia lenyewe, lakini mlenda wa magadi ya dukani Bi Kalunde aliuita chakula cha wagonjwa.

"Mayu, haya majivu ya nini?" Nkwimba alimuuliza mama yake.

"Si ya majani yako hayo! Magadi yake makali, mlenda unavutika mpaka raha. Mtaa mzima tunafagia huko, mwaka wa pili huu."

Mezani alikaa Lushi, binti wa Nkwimba, mwenye miaka sita. Mwaka jana alihesabu hadi mia. Siku hizi alikwama kwenye kumi na mbili, na mwalimu alisema ni uvivu. Nkwimba naye alimgombeza.

Alikata nywele chache za mtoto, akazibana kwenye kisomajani. Kifaa hakikufundishwa kupima watu, bali majani tu.

"Risasi: nyingi mno. Jani kongwe."

Nkwimba alingoja uchungu uje. Haukuja. Alisikia ganzi tu, na maji yakidondoka chini ya chungu.

"Kimeharibika hicho," Bi Kalunde alisema. "Hebu nipime na mimi."

"Risasi: kidogo. Jani changa."

Bi Kalunde akacheka. "Unaona? Mimi na sabini zangu, jani changa!"

"Mayu, mlenda unakula kiasi gani?"

"Mimi naonja chumvi tu. Nitamnyima mjukuu wangu nile mimi? Wote namwekea ye..."

Upawa ulibaki mkononi mwake, ukichuruzika sakafuni.

Lushi alinyoosha sahani.

"Bibi, niongezee."