Mtani Kwenye Lori la Castory

Haya yalitokea Bigwa, kwa jirani yangu Yustina, mchana kweupe. Anayesema mizimu hutembea usiku tu amedanganywa.

Castory, mwanawe wa pekee, alinunua mkweche wa lori, Bedford la zamani, akiota kulifufua. Kabla hajafunga hata nati moja, pikipiki ikamuua barabara ya Mkuyuni. Mjomba wake Kasimiri, fundi wa gereji Mwembesongo, akaapa kulimaliza kwa kumbukumbu yake. Akalichongea bodi ya mninga, akalipaka kijani alichokipenda marehemu, akaandika CASTORY juu ya kioo. Mwaka mzima Yustina hakucheka, na majirani, tuseme ukweli, tulishamchoka.

Siku katekista alipokuja kulibariki, tulimngoja Nassoro, mtani wao Mzigua. Kwetu mtani humwigiza marehemu. Huvaa nguo zake, huiga sauti yake, nawe humjibu kwa matusi mpaka kilio kigeuke kicheko.

Honi ikalia. Tukageuka. Kwenye usukani ameketi mtu, kofia ya Castory imemfunika macho.

"Mama," akaita, "maji yangu ya kuoga yako wapi?"

Sauti ile ile! Tukaangua kicheko. Leo mtani kapatia.

"Mama, nimechoka. Naomba nikae nyumbani."

Yustina akacheka. Jamani, alicheka! Akajishika kiuno, akajibu kama desturi inavyotaka:

"Toka hapa, maiti we! Nani anakutaka? Nenda zako, usirudi tena!"

Tukapiga vigelegele. Yule mtu akainamisha kichwa.

Bodaboda ikasimama nyuma yetu. Nassoro akashuka, jasho linamtoka, mfuko mkononi.

"Wachawi nyie, pancha imenichelewesha. Kofia ya marehemu hii hapa. Nianze?"

Tukaligeukia lori.

"Betri sijaifunga," Kasimiri akanong'ona. "Honi imeliaje?"

Akafungua mlango wa dereva. Hapakuwa na mtu. Ila sponji ya kiti kipya ilikuwa imebonyea, kama imekaliwa.

Yustina akasogea mpaka kwenye kiti.

"Nilidhani ni utani, mwanangu. Kaa. Kaa, baba."

Sponji ikapanda. Polepole. Sote tunaona. Mlango wa pili ukafunguka wenyewe, na majani ya njia iendayo makaburini yakaanza kulala, hatua baada ya hatua. Mpaka leo hayajasimama.

Castory alikuwa mtoto msikivu. Mama yake akishamwambia nenda, alikwenda.