Pengo la Kisima cha Kaskazini

Kila asubuhi Darryl Hocking aliamka amenuna. Kabla ya chai alikuwa ameshawasha pikapu kwenda kutazama maji ya ng'ombe kwenye Kisima cha Kaskazini, kilomita arobaini kwenda na arobaini kurudi, kwenye njia ya vumbi na mashimo. Huko magharibi ya Queensland, katika joto la Januari, ng'ombe aliyekosa maji hafiki mbali.

Binti yake Tegan, mwenye miaka kumi na mitatu, alichoka kumwona akirudi na hasira. Akaomba kifaa cha kupimia maji kifungwe kwenye tangi la Kisima cha Kaskazini, kitume vipimo nyumbani kwa redio iliyo juu ya mlingoti. Kisha akaweka hifadhidata kwenye kompyuta yake, programu inayotunza kila kipimo pamoja na saa yake na kuvichora vyote kuwa mstari.

Siku ya kuiweka alikuwa na haraka. Programu ilimuuliza kama ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Hakusoma, alibonyeza tu "endelea" mpaka mwisho. Jioni baba yake akazima kompyuta kwenye swichi ya ukutani, kama alivyozima kila kitu nyumba nzima, na kesho yake mstari ukawa na pengo. Kaka yake, Lachie, alimcheka mezani mpaka nyama ikapoa.

"Injinia wetu," alisema, "mashine yako inalala kuliko mbwa."

Tegan alirekebisha programu na kubandika utepe juu ya swichi, amefura kwa hasira. Aliapa kwamba Lachie hataliona pengo tena. Mambo yakaenda vizuri, na baba yake akaacha kwenda kisimani kila siku.

Alhamisi moja pengo likarudi. Tegan alidhani kuna kitu kingine alichokosea alipoiweka programu. Lachie alikuwa jikoni, anapaka mkate siagi, anakaribia kuja. Tegan akanakili vipimo vya jana, akaviandikia saa za leo, pengo likaziba. Ijumaa akafanya vilevile. Baba yake alipita, akauona mstari umenyooka, akaenda kutengeneza uzio.

Jumamosi jirani yao, Maureen Tully, alipiga simu. Alikuwa amepita kisimani, na hakusalimia. Alimuuliza Darryl kama ameamua kuwaua ng'ombe wake kwa kiu.

Walipofika waliwakuta ng'ombe wamelizunguka birika kavu la kunywea, wanalia. Fahali alikuwa amejikuna kwenye mlingoti wa kifaa mpaka ukaangukia bomba na kulipasua, na maji yote ya tangi yakaishia mchangani. Darryl na watoto wake walifunga bomba jipya kwenye jua kali. Maji yalipokuja, ng'ombe wawili hawakuinuka kuyanywa.

Darryl alikipiga kifaa teke, akasema kinadanganya. Tegan akamzuia.

"Baba, si kifaa. Chenyewe kimenyamaza tangu Alhamisi. Mimi ndiye niliyejaza namba."

"Ulijaza kwa nini?"

"Nilidhani nimeharibu tena. Lachie angenicheka."

Lachie alitazama chini. Baba yao alimwambia kwamba zamu yake inakuja, kisha akamgeukia Tegan. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilitisha kuliko kelele.

"Ungeniachia pengo, ningekuja hapa Alhamisi ileile. Ningekuja nikitukana njia nzima, lakini ningekuja. Wewe ukanionyesha maji ambayo hayapo, mimi nikakaa nyumbani nimetulia."

Jioni Tegan alifuta kila namba aliyoijaza. Pengo likabaki wazi katikati ya mstari, na baba yake amesimama nyuma ya kiti. Tegan aliuliza kama aandike sababu ya pengo, na baba akamwambia aandike yote, mlingoti na namba za uongo.

"Kukosea kuweka programu si kitu, unarudia," Darryl alisema. "Kuficha ndiko kulikoua wale wawili. Siku nyingine usipojua, niambie hujui. Nitakasirika, halafu hasira itaisha, na ng'ombe watakuwa hai."

Hakumpigapiga begani wala hakutabasamu. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akamwambia amwonyeshe namna ya kusoma ule mstari.