Maziwa ya Mashavu

Kengele ya kijiji cha Kwemivumo ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa nje ya ofisi ya kijiji. Ikigongwa asubuhi, kila mtu mzima alitoka na jembe kwenda shamba la pamoja. Aliyechelewa alisemwa mpaka jioni.

Ulikuwa mwaka wa 1976. Nyumba za Kwemivumo zilikuwa bado mpya, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Wazigua wa Handeni waliishi mlango kwa mlango na watu waliotoka kambi za mkonge za Korogwe. Ndivyo Fatu alivyopata jirani aitwaye Josefina. Mmoja alikwenda msikitini na mwingine kanisani, lakini chumvi yao ilikuwa moja.

Fatu alikuwa mke wa Mhina. Walikuwa na watoto wawili. Abdi alikuwa anakaribia miaka miwili. Mdogo wake, Mashavu, alikuwa na miezi mitano.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wanapalilia mahindi. Fatu alikuwa amembeba Mashavu mgongoni. Ghafla akaacha jembe, akakimbilia pembeni, akatapika. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo.

Wanawake wakatazamana.

"Mtoto ana miezi mitano tu," mmoja alinong'ona. Alinong'ona kwa sauti iliyofika mstari wa nne. "Na mama tayari ana mwingine!"

Habari hiyo ilitembea haraka kuliko miguu. Fatu aliporudi nyumbani mchana, mama mkwe wake alikuwa amekwisha kuisikia. Jina lake lilikuwa Bibi Swaumu. Alikuwa mwembamba, mchapakazi, na mkali kwa kila mtu isipokuwa wajukuu zake.

"Shikamoo, mama," Fatu alisema.

"Marahaba. Nipe mtoto."

Bibi Swaumu alimpokea Mashavu. Akamshika paja. Nyama ya paja ilikuwa imelegea. Mtoto alilia kilio chembamba cha njaa.

"Nilijua," Bibi alisema. "Mtoto amebemendwa."

Fatu alilijua neno hilo. Watu husema mtoto amebemendwa pale wazazi wanapokutana mapema, mama akashika mimba, na mtoto angali ananyonya. Husema maziwa ya mama mwenye mimba ni mabaya.

"Mama, sina mimba."

"Huna mimba, na unatapika kila asubuhi? Mimi nimezaa, Fatu. Leo Mhina atahamia kwa kaka yake Hiza. Na kesho kutwa mtoto huyu ataacha ziwa. Nitakutwangia mwarobaini ujipake."

Fatu alinyoosha mikono akamchukua Mashavu. Alikuwa anaujua mwarobaini huo. Ni mchungu sana. Mama akijipaka kwenye chuchu, mtoto huonja mara moja na kugoma. Abdi aliachishwa hivyo hivyo akiwa na miezi tisa tu, Fatu aliposhika mimba ya Mashavu. Miezi michache baadaye Abdi alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu, akaacha kucheza. Alilazwa hospitali mwezi mzima. Walikaribia kumpoteza.

Siku ile Abdi alipotoka hospitali, Fatu aliapa moyoni kuwa mtoto wa pili atanyonya miaka miwili kamili. Sasa zilikuwa zimebaki siku mbili tu.

Jioni Mhina alikunja mkeka wake, akachukua mto, akaenda kwa Hiza. Hakubishana na mama yake. Alikuwa anaona aibu. Alipopita mbele ya nyumba za jirani aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

Fatu alikwenda kwa Josefina. Alimkuta anapepeta mchele.

"Jose, vile vidonge vyako vitaniua," alisema, akaanza kulia.

Hapo ndipo ilipokuwa siri yote. Josefina alikuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Alipewa kliniki ya mama na mtoto, Korogwe. Vilimfaa sana. Basi Fatu alipomweleza hofu yake ya kushika mimba mapema, Josefina alimgawia pakiti moja. Alifanya hivyo kwa upendo, kama mtu anavyomgawia jirani yake chumvi. Fatu alimeza kidonge kimoja kila alfajiri, kabla ya kula chochote. Pakiti aliificha ndani ya daftari lake la kisomo cha watu wazima. Hakumwambia mtu.

"Unajisikiaje?" Josefina aliuliza.

"Natapika. Kichwa kinauma mchana kutwa. Matone ya damu yananitoka siku zisizo zangu. Na maziwa, Jose! Maziwa yanapungua. Mashavu ananyonya, anaacha, analia."

Josefina akaweka ungo chini. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yesu wangu mimi! Mwanangu mimi ana miaka minne. Hanyonyi. Nilipopewa vidonge, waliniuliza kwanza kama ninanyonyesha. Wewe sikukuuliza. Nisamehe, Fatu."

"Basi niviache leo?"

"Ukiviacha tu bila njia nyingine, utapata mimba kweli. Kesho ni siku ya kliniki. Nenda kamwone Dada Rosina. Ila mwambie Mhina kwanza. Usimfiche mwenzio tena."

Alfajiri Mhina alikuja kumchotea mkewe maji. Fatu alimfuata mpaka kisimani. Alimweleza yote. Alisema akitazama ndoo, maana hakuweza kumtazama yeye.

Mhina aliacha kuchota.

"Kwa nini hukuniambia, Mama Abdi?"

"Niliogopa. Niliona utasema sitaki kukuzalia."

"Abdi alipovimba, nani alimbeba mgongoni mpaka barabarani? Alikuwa mwepesi, Fatu. Mtoto wa zaidi ya mwaka, na mgongo wangu haukusikia kitu. Unadhani nimesahau?"

Sauti yake ilikatika. Fatu akainua macho, akaona mumewe analia. Aliufuta uso wa Mhina kwa upindo wa khanga yake, pale pale kisimani. Kisha Mhina alibeba ndoo, akasema wataenda wote. Asubuhi hiyo kengele ya kijiji iligongwa bila wao.

Dada Rosina, muuguzi wa kliniki, alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kicheko kirefu. Kwanza alimpima Mashavu. Alimtia kwenye mkoba wa mizani, akasoma kilo tano na nusu. Akatazama kadi. Mwezi uliopita mtoto alikuwa na kilo sita.

"Anapungua," alisema kwa upole. "Tuzungumze."

Fatu alimweleza. Alidhani atakaripiwa. Rosina hakukaripia. Alimpima Fatu shinikizo la damu kwa ile mashine ya kufunga mkono.

"Shinikizo la damu yako limepanda kidogo," alisema. "Ulipaswa kupimwa kabla hujameza kidonge cha kwanza. Dawa ya jirani ni kama kiatu cha jirani. Yeye kinamkaa, wewe kinakuchubua."

"Kwa hiyo vidonge ni sumu?" Mhina aliuliza.

"Hapana, baba. Vimewasaidia akina mama wengi. Wengine hupata kichefuchefu na matone ya damu miezi miwili mitatu ya kwanza, kisha mwili unazoea. Tunawashauri wameze jioni baada ya chakula, siyo alfajiri tumbo tupu. Lakini vidonge hivi vya Josefina vinaweza kupunguza maziwa. Mama mwenye mtoto mchanga havimfai. Na mama ambaye shinikizo lake la damu linapanda, tunambadilishia. Akiumwa kichwa sana, au macho yakiingia ukungu, au kifua kikimbana, au mguu ukivimba na kuuma, asingoje hata siku moja. Aje."

Fatu akauliza lile lililokuwa linamsumbua. "Dada, maziwa yangu ni mabaya? Mtoto amebemendwa?"

Rosina alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Maziwa yako ni mazuri. Ni machache tu, na yataongezeka. Hata mama mwenye mimba, maziwa yake hayageuki kuwa sumu. Wazee wetu waliona jambo la kweli. Waliona mtoto anadhoofu mdogo wake akija haraka. Lakini kinachomdhoofisha ni kuachishwa ziwa mapema na kukosa chakula. Siyo baba kulala nyumbani."

Mhina alikohoa, akatazama dirishani.

"Mnyonyeshe mara nyingi, usiku na mchana," Rosina aliendelea. "Wewe mwenyewe ule na unywe vya kutosha. Umpe na uji laini wenye karanga zilizosagwa, kwa kijiko. Mwarobaini uacheni mtini."

Kisha akawaeleza njia nyingine. Kuna vidonge vya aina tofauti kwa wanaonyonyesha. Havipunguzi maziwa, ila lazima vimezwe saa ile ile kila siku. Kuna sindano ya miezi mitatu. Hiyo inaweza kuvuruga siku za mwezi, au kuzisimamisha. Kuna mipira ya wanaume. Na kuna kitanzi, kitu kidogo cha plastiki ambacho mhudumu aliyefundishwa hukiweka ndani ya mji wa mimba.

"Hicho hakina dawa inayoingia kwenye maziwa," Rosina alisema. "Lakini nacho kina yake. Miezi ya kwanza tumbo linaweza kunyonga, na damu ya mwezi ikawa nyingi. Mara chache hutoka chenyewe. Ukipata homa au maumivu makali, unakuja. Na siku ukitaka mtoto, tunakitoa."

"Je," Mhina aliuliza polepole, "hakitapanda mpaka kwenye moyo?"

Rosina akacheka kicheko chake kirefu. "Baba, hakuna njia ya kutoka kule kwenda moyoni. Umeuliza vizuri. Wenzako wanaogopa hivyo hivyo, ila hawasemi."

"Wewe ungechagua kipi?" Fatu aliuliza.

"Mwili ni wako, mama. Mimi ninaeleza. Wewe ndiye utakayeishi nacho."

Fatu alifikiri. Hakutaka tena kumeza kitu na kuhesabu siku kwa hofu. Akachagua kitanzi. Rosina hakukiweka siku hiyo. Alimpima, akamwambia haoni dalili ya mimba, lakini angoje mpaka apate siku zake, wawe na hakika. Vidonge aviache leo. Mpaka arudi watumie mipira, na Rosina aliwapa. Mhina aliiweka mfukoni haraka sana.

Nyumbani Bibi Swaumu alikuwa anawasubiri. Mwarobaini ulikuwa tayari kwenye kinu. Mhina alizungumza na mama yake kwa heshima, amechuchumaa. Alimweleza yote, hata vidonge.

"Mama, tunaomba mwezi mmoja. Mtoto anyonye. Asipoongezeka, tutafanya utakavyo."

Bibi alimtazama mwanawe. Halafu akamtazama Fatu tumboni.

"Mwezi mmoja," alisema. "Lakini wewe, Mhina, utabaki kwa Hiza. Nitaliona hilo tumbo mwenyewe."

Mhina akabaki kwa Hiza. Siku za Fatu zilikuja, akarudi Korogwe, akawekewa kitanzi. Siku za kwanza tumbo lilimnyonga kweli, akalala siku mbili. Josefina alimpikia. Kwa kuwa aliambiwa mapema, Fatu hakuogopa. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma, kichefuchefu kimekwisha. Josefina naye hakuacha kumtania: "Mwenzangu, kitanzi kipo, mume hayupo!"

Maziwa yalirudi polepole. Siku moja Fatu aliamka akakuta khanga yake imelowa kifuani. Alikaa kitandani akacheka peke yake, mpaka Abdi akaamka naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Mwezi ulipotimia, wahudumu wa kliniki walikuja kijijini na mizani yao. Bibi Swaumu alimbeba Mashavu mwenyewe. Mtoto aliingizwa kwenye mkoba, akarusha miguu. Rosina akaandika kwenye kadi.

Fatu alinyoosha mkono kuichukua. Bibi akamtangulia. Yeye pia alikuwa mwanafunzi wa kisomo, benchi la mbele. Aliisogeza kadi karibu na macho. Akafuata mistari kwa kidole, mdomo ukisema namba kimya kimya.

"Sita," alisoma. "Sita na nusu." Akarudia tena, kwa sauti, watu wote wasikie. "Kilo sita na nusu!"

Kisha akamtazama Fatu. Siyo tumboni. Usoni.

"Kati ya Hiza na Mhina alikuwapo mwingine," alisema. "Semboja. Nilimwachisha ziwa nikiwa na mimba ya Mhina. Miguu ilimvimba kama ya Abdi, akatutoka. Niliambiwa kosa ni letu, mimi na baba yake. Nimelibeba mpaka leo." Akamtoa Mashavu kwenye mkoba. "Kumbe alikuwa na njaa tu."

Fatu alimshika mkono. Bibi aliuacha mkono wake ushikwe. Halafu akamrudishia kadi na mtoto, akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Hiza. Mchana kweupe alitoka na mkeka wa Mhina kichwani na mto kwapani. Alipita mbele ya nyumba zote za mstari ule, taratibu, bila kuinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kwenye mizani walisimama kutazama.

"Bibi Swaumu, unahama?" mmoja aliuliza.

"Namrudisha mtu kwake," alijibu.

Akaingia ndani kwa Fatu, akautandika mkeka kwa mikono yake, akaweka mto mahali pake. Kisha akachukua kile kinu cha mwarobaini, akakiosha uchungu wote, akaketi mlangoni kutwanga karanga za uji.