Harufu ya Petroli kwenye Suruali ya Ndolo

Kila Alhamisi asubuhi, sisi watu wa Tulia tulisikia pikipiki ya Ndolo ikikohoa kupanda kilima. Ndolo alikuwa dresa, yaani mtu wa kutibu na kufunga vidonda. Alifunga sanduku la dawa nyuma ya pikipiki, akaenda nayo mpaka Kanyangi. Huko wagonjwa wa buba walimngoja na vidonda vyao. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Watu walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa kidonda chake hakiponi upesi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Kabla ya Ndolo iliendeshwa na Nzioka, dresa mwenzake. Mimi ndiye niliyemfundisha Nzioka kusoma, katika darasa letu la watu wazima. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu. Siku moja pikipiki ile ilishika moto, na Nzioka akaungua mikono. Vidole vyake vimeshikana mpaka leo.

Jioni moja Ndolo alirudi nyumbani uso umemshuka.

"Mama Nthenya, naisikia," alimwambia mkewe, Mbula.

"Unasikia nini?"

"Harufu ya petroli. Ni kidogo tu. Nikiendesha naisikia. Nikisimama, imekwisha. Nimenusa tangi, nimenusa kila mahali kama mbwa. Sioni kitu."

Mbula aliacha kuchambua maharagwe. "Aiya! Nzioka alisema hivyo hivyo. Wiki ile ile akaungua."

"Najua."

"Kama unajua, iache hiyo pikipiki!"

"Nikiiacha, watu wa Kanyangi wapate dawa wapi? Daktari wa Kitui ameshasema. Nikikosa Alhamisi mbili, kituo kinafungwa."

Mbula alirudia maharagwe yake. Mume akienda, ataungua. Asipoenda, watoto wa wenzake wataoza miguu.

Sasa sikiliza kosa la Ndolo, wala usimcheke, maana hata wewe ungelifanya. Sisi Wakamba ni watu wa nyuki. Kibuyu kikipasuka, tunakiziba kwa nta. Mzinga ukitoboka, ni nta. Basi Ndolo akaangalia lile bomba jembamba la shaba linaloteremsha petroli kutoka kwenye tangi. Linaingia kwenye kabureta, yaani kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Akafikiri, "Labda inavuja hapa kwenye nati." Akafungua nati, akapaka nta ndani na nje, akakaza.

"Imepona," alimwambia Mbula. Na kweli, siku ile harufu haikusikika.

Alhamisi akaondoka akiimba. Nusu ya njia pikipiki ikapiga chafya, ikazima. Petroli inayeyusha nta, ndugu msomaji! Nta ile ililainika, ikateremka na petroli, ikaziba tundu dogo la kabureta. Ndolo hakulijua hilo. Alisukuma pikipiki juani, mchanga umefika kwenye vifundo vya miguu, sanduku la dawa linamvuta nyuma. Alipofika Kanyangi watu walikuwa wameondoka. Alimkuta mama mmoja tu, mtoto mgongoni.

"Tumekungoja tangu asubuhi," mama alisema. "Wengine wamesema hutakuja tena. Wameenda kutafuta maji."

Ndolo alimdunga mtoto sindano. Mtoto mmoja, na wagonjwa walikuwa arobaini! Daktari aliihesabu Alhamisi ile kuwa imekosekana. Ikabaki moja.

Ndolo aliifungua kabureta, akakuta nta, akaisafisha, akarudi Tulia. Njiani harufu ilikuwa imerudi. Alipofika alikaa chini mlangoni.

"Nimeshindwa," alimwambia Mbula. "Kesho kutwa nitairudisha Kitui. Waambie watu wa Kanyangi wanisamehe."

Mbula alichukua suruali yake akaifue. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akaitupa begani, akatoka mbio mpaka kwa Nzioka.

Nzioka alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Hakusimama.

"Leo mmenikumbuka?" alisema. "Mwaka na nusu Ndolo anapita hapa na pikipiki yangu. Hata hodi hapigi."

"Anaona haya, ndugu yangu. Ameshika kazi yako."

"Yeye anaona haya! Na mimi je? Mke wangu ndiye anayenifunga vifungo vya shati."

Mbula alipiga magoti. "Harufu ile imerudi, Nzioka. Angalia hii suruali. Mguu wa kushoto haunuki. Wa kulia unanuka, hapa chini ya goti."

Nzioka akainua suruali kwa vifundo vya mikono, akaipeleka puani. 

"Kulia," alisema polepole. "Mimi sikuangalia suruali hata siku moja." Akasimama. "Twende."

Alipofika kwa Ndolo hawakusalimiana vizuri. Ndolo alitazama chini. Nzioka akaanza kuamuru tu.

"Itoe hapa karibu na jiko. Peleka kule wazi, chini ya jua. Nani anavuta tumbako? Azime. Lete mchanga, mwingi, uweke hapa kando."

"Si maji?" aliuliza Mbula.

"Usimwage maji kwenye moto wa petroli. Moto utaelea juu yake na kutembea. Mchanga ndio unaoufunika. Mimi niliokolewa na mchanga." Akamgeukia Ndolo. "Ngoja injini ipoe. Halafu ipanguse yote, iwe kavu. Mama, lete unga."

"Unga!" Mbula alishika kichwa. "Nimebaki na vibaba viwili. Watoto wale nini, petroli?"

"Kiganja kimoja tu."

Mbula aliingia ndani. Alirudi na kiganja cha unga, akifunika kwa mkono wa pili upepo usiuchukue. Ndolo aliunyunyiza upande wa kulia, kwenye tangi, kwenye bomba, kwenye kabureta. Kila mahali pakawa peupe.

"Mimi niliitafuta harufu pikipiki ikiwa imesimama," Nzioka alisema. "Ikisimama haivuji. Inavuja ikitetemeka. Ndiyo maana unaisikia ukiwa njiani tu. Iwashe, hesabu mpaka mia mbili, uizime."

Ndolo akaiwasha. Pikipiki ikatetemeka yote. Mbula alisimama na mchanga kwenye karai. Mia mbili ilikuwa ndefu sana. Ndolo akazima.

Unga ulikuwa mweupe kila mahali, isipokuwa mstari mmoja uliolowa. Ulianza nyuma ya bomba la shaba, chini kidogo ya nati, mahali ambapo jicho halifiki. Ndolo alisogeza kichwa. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Naomba nione," Nzioka alisema. Akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu.

"Kadogo namna hii," alisema. "Mimi nilikuwa na petroli kwenye mikono. Jua lilikuwa linazama, nikasema niwashe kiberiti nione vizuri. Kama ningengoja asubuhi! Asubuhi moja tu, Ndolo."

Ndolo alilia waziwazi. "Nisamehe. Ilinipasa kuja kwako mapema."

"Ilikupasa. Lakini fungua hilo bomba kwanza."

Ndolo akafunga koki ya tangi, akafungua bomba. Akaimwaga petroli yote iliyokuwa ndani, akalipuliza, akaliacha juani mpaka harufu ikaisha. Kisha wakalipeleka sokoni kwa Mutiso, fundi wa bati, ili alilehemu.

"Mutiso angekuja nyumbani na moto wake," alisema Mbula njiani, "asitusumbue kutembea."

"Hapana!" Nzioka alisema kwa ukali. "Bomba ndilo linalokwenda kwa moto. Moto hauji kwa pikipiki. Kamwe."

Mutiso alilehemu ufa. Nzioka akamwambia alikunje bomba duara moja katikati, ili pikipiki ikitetemeka lipate kucheza lisipasuke tena. Nyumbani Ndolo alilifunga kwa ukanda wa ngozi, wakarudia unga. Safari hii Mbula hakuuliza. Hesabu ikafika mia mbili, na unga ulibaki mkavu.

Alhamisi Ndolo akaenda Kanyangi. Wagonjwa waliokuja walikuwa kumi na tisa tu. Wengine walikuwa wamekata tamaa wakahama na ng'ombe wao, na hatujui vidonda vyao viliishia wapi. Lakini hao kumi na tisa walipata sindano, na wiki iliyofuata wakaja ishirini na sita. Kituo hakikufungwa.

Ndolo aliporudi siku ile, Nzioka alikuwa anamngoja kando ya barabara. Hakumuuliza habari ya safari. Aliinama, akanusa mguu wa kulia wa suruali.

"Ni vumbi tu," alisema.

"Ni vumbi tu," Ndolo akaitika. Akampandisha nyuma, juu ya sanduku la dawa, akampeleka nyumbani kwake polepole. Tangu siku ile hapiti pale bila kupiga hodi.

Basi wewe unayesoma, ukisikia harufu ya petroli, hata kidogo, simama na uzime injini. Usiwashe kitu, hata kama giza linaingia. Ngoja mchana. Na ukiwa na nta nyumbani, izibie mzinga.

Maneno haya si yangu. Nzioka alikuja darasani akasema anataka kuyaandika mwenyewe, watu wapate kujua. Nikampa kalamu. Ilimponyoka mara tatu. Mara ya nne akanirudishia, akasema, "Andika wewe, mwalimu." Ndivyo nilivyoandika.